Kiwingu Kando ya Jina

Ijumaa usiku kompyuta ilijivua ngozi.
Iliandika, Usinizime, kazi inaendelea,
nikaifunika kwa kanga kuukuu, nikaenda kulala.
Asubuhi ilikuwa na uso wa mgeni:
vitufe vimesogea katikati, vimebanana,
na nyuma yake ziwa la nchi nisiyoijua.
Mafaili yangu yapo. Majina yapo:
Michango. Wanachama. Waliokodi Turubai.
Na kando ya kila jina, kiwingu,
kidogo, cheupe, kingo zake buluu.
Nikadhani ni pambo.

Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, Tanga.
Kaya sitini na nne,
sufuria tatu za kulishia umati,
turubai moja lenye kiraka.
Zamani tulikuwa na daftari;
mchwa walianza kulisoma kutoka herufi M
wakafika hadi S kabla hatujawajua.
Mwanangu akasema, Mama, weka mawinguni.
Nikaweka.

Jumanne, saa nane za usiku, hodi.
Hiza Sempombe, fundi saa, hatunaye.
Nikawasha mashine. Umeme ulikuwepo, nashukuru;
bando lilikwisha tangu Isha.
Nikabofya Wanachama.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kama mbuzi anayemaliza kamba yake mtini,
kisha: Faili hili halipatikani kwa sasa.
Halipatikani, nami jina lake nalisoma kwa macho yangu!
Nyumba ina taa, ina kibao mlangoni,
unapiga hodi, unajibiwa na sauti yako.

Kanuni ya chama ni fupi:
miezi sita bila mchango,
utapewa pole, hupewi sanda.
Shemboza, mweka hazina, kasimama na tochi ya simu.
"Katibu, anadaiwa?"
Nikakitazama kiwingu.
"Sijui."
Akasugua kidevu.
"Basi tumzike. Hesabu haiozi."

Sanda ikatoka. Ubani ukatoka.
Turubai likafungwa kuanzia mnazi wa jirani hadi nguzo ya umeme,
kiraka kikiangalia barabarani.

Alhamisi nikanunua bando la elfu mbili
na mafaili yakashuka mojamoja,
bila haraka, bila haya.
Hiza Sempombe: miezi kumi na mmoja.
Nilikaa na ile namba mpaka chai ikaota utando.

Kijana mmoja wa Chuda, Kilua, akaja kunifundisha.
Hakuna kilichopotea, akasema, mfumo mpya unabana nafasi tu:
vyombo vyako umevipeleka kwa jirani wa mbali,
wewe umekuachia lebo.
"Usitupe mbachao," nikamwambia.
Akauliza kama hiyo ni programu.
Akabofya kulia, akashuka mstari kwa mstari, akanionyesha:
Weka daima kwenye kifaa hiki.
Nikabonyeza mwenyewe.

Vile viwingu vikageuka tiki za kijani,
mviringo, zimejaa, mojamoja,
na kaya sitini na nne zikarudi chini ya vidole vyangu.
Kumbe sote hatuna uzito.
Ndoa, talaka, vifo, madeni ya mtaa mzima
havifiki nusu ya picha za harusi ya mwanangu.

Nikachomoa waya wa intaneti kwa makusudi.
Nikafungua Wanachama. Likafunguka.
Nikafunga. Nikafungua tena.
Nikashuka mpaka kwa Hiza.
Miezi kumi na mmoja sikuifuta.
Kwenye kisanduku cha maelezo niliandika:
Usiku ule mtandao haukuwepo.
Nikahifadhi.

Saa iliyo mkononi mwangu aliifungua yeye, mwezi wa Rajabu,
akaipuliza, akairudisha, akasema, utalipa siku nyingine.
Inakwenda bado.
Elfu tatu zake nimezitafutia safu
katika faili zote, tangu juu hadi chini.